Makocha wa basketi vyuoni Marekani, jina tu au kazi wanaiweza? Maswali yanayoulizwa kila mwaka

Maswali haya yanarudi kila msimu, na yanazidi mwezi wa tatu pale timu kubwa inapotolewa na chuo ambacho hakuna aliyekuwa anajua kipo mji gani. Nimeyaweka pamoja. Ukiona jibu linakutuma kwingine ujue limeshaelezwa huko, na makocha wa timu za wanaume na za wanawake nimewachanganya makusudi.

## Mambo ya kuanzia

Kwa nini kule kocha anajulikana kuliko wachezaji wake?

Kwa sababu wachezaji wanapita. Mchezaji akikaa sana ni miaka minne, wale wakali zaidi mwaka mmoja tu wanasepa NBA, ligi ya kulipwa, kocha anabaki. Jim Boeheim alikaa Syracuse misimu 47, kuanzia 1976 mpaka 2023. Mike Krzyzewski alikaa Duke misimu 42 mpaka sakafu ya uwanja ikapewa jina lake. Shabiki amesoma pale, ameoa, amezaa, mtoto naye kaenda kusoma pale pale, na pembeni ya uwanja sura ni ile ile, sasa atamjua nani zaidi?

Halafu kuna hela. Mpaka Julai 2021 mchezaji wa chuo alikuwa haruhusiwi kulipwa hata senti ya tangazo, kwa hiyo kampuni za viatu na maduka ya magari wote walimfuata kocha. Majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa basketi au wa futiboli yao ile ya kofia ngumu. Chuo kikishamlipa mtu hivyo lazima kimtengenezee jina.

Hilo jina linajengwaje hasa?

Machi na kamera. Machi ndiyo yale mashindano ya timu 68, ukifungwa mara moja umeenda nyumbani, na nchi nzima inaangalia hata wasiojua rebaundi ni kitu gani. Kocha anaweza kupiga kazi safi kuanzia Novemba mpaka Februari na hakuna anayemjua, akashinda mechi mbili za Machi anaitwa fundi.

Kamera nayo inapenda vituko. John Thompson wa Georgetown alikuwa na taulo nyeupe begani, Jerry Tarkanian wa UNLV taulo yake alikuwa anaitafuna kabisa mechi nzima, Jay Wright wa Villanova suti, Kim Mulkey wa timu ya wanawake ya LSU manyoya na nguo za kumetameta, Bob Knight kile kiti alichokirusha uwanjani Februari 1985 wakicheza na Purdue. Muulize mtu Tarkanian alikuwa anakaba vipi, atakaa kimya, ila taulo anaikumbuka. Na huyo ndiye aliyempiga Duke 103-73 kwenye fainali ya 1990.

Si tuhesabu vikombe tu yaishe?

Ingekuwa ligi ya nyumbani na ugenini ningekubali. Huku kombe ni kushinda mechi sita mfululizo ndani ya wiki tatu, na mpira mmoja ukigonga chuma historia ya mtu inabadilika.

Dean Smith wa North Carolina mpaka kufika 1982 alikuwa ameshaingia Final Four, yaani nusu fainali ya timu nne za mwisho, mara sita bila kombe, na watu walikuwa wanasema waziwazi huyu mechi kubwa hawezi. Fainali ya mwaka huo dhidi ya Georgetown, kijana wa mwaka wa kwanza anaitwa Michael Jordan akafunga, halafu Fred Brown wa Georgetown akachanganyikiwa akampasia mpira James Worthy ambaye ni wa timu pinzani, mechi ikaisha 63-62. Kesho yake Smith ni gwiji. Sijui watu wanadhani alijifunza nini usiku ule ambacho hakukijua mchana wake.

Upande wa pili yupo Brad Stevens wa Butler, chuo kidogo tu Indianapolis. Fainali ya 2010 walifungwa na Duke 61-59, na Gordon Hayward alirusha kutoka katikati ya uwanja sekunde ya mwisho mpira ukagonga bodi ukagonga chuma ukatoka. Mwaka uliofuata wakarudi fainali tena wakafungwa na UConn, chuo cha Connecticut, 53-41. Vikombe sifuri, na mimi bado namweka juu ya makocha kadhaa wenye kombe.

Basi tuangalie nini?

Kwanza pointi kwa kila mara timu inaposhika mpira, sio pointi kwa mechi, na ziwe zimerekebishwa kulingana na ugumu wa wapinzani. Hesabu hizi Ken Pomeroy anazitoa miaka mingi sasa na makocha wenyewe wanazisoma. Timu inayocheza taratibu ikifunga 62 mtu anadhani haijui kushambulia, kumbe imeshika mpira mara chache tu.

Pili, nini kilitokea nyota alipoondoka. Tatu, kazi ya pili, maana sehemu moja inaweza kuwa bahati ila mbili ni ngumu. Nne, na hii ndiyo naipa uzito kuliko zote, kocha alibadilisha nini baada ya kuaibika. Majibu mengi huko chini yanazunguka hapo.

## "Huyo anabebwa na wachezaji"

Calipari ni kocha kweli au msajili tu?

John Calipari alikuwa kocha wa Kentucky. Hili ndilo swali namba moja, na watu wa Kentucky wanaligombania mpaka leo wakati ameshahamia Arkansas tangu 2024.

Wanaosema anabebwa wana hoja. Alipata vijana bora wa nchi karibu kila mwaka, 2012 akiwa na Anthony Davis akabeba kombe, 2015 akaenda nusu fainali hajafungwa hata mechi moja, wameshinda 38, akafungwa na Wisconsin 71-64. Baada ya hapo hakuingia tena Final Four akiwa Kentucky. 2022 akatolewa na Saint Peter's, kachuo ka Jersey City kalikopangwa namba 15 (timu hupangwa namba 1 mpaka 16 kwa ubora, 16 ndiyo dhaifu). 2024 akatolewa na Oakland ambako jamaa mmoja, Jack Gohlke, aliwatandika mipira kumi ya pointi tatu. Na ukirudi nyuma, fainali ya 2008 akiwa Memphis alikuwa anaongoza kwa pointi 9 zimebaki dakika mbili na kidogo, vijana wakakosa mipira ya adhabu, wakiwa mbele kwa tatu hawakucheza faulo, Mario Chalmers wa Kansas akasawazisha, wakafia dakika za nyongeza.

Ila wanaomponda wanaruka UMass, chuo cha Massachusetts alikofundisha kabla ya hapo. Alikuta timu mbovu, msimu wa kwanza 1988-89 alimaliza na ushindi 10 na vipigo 18, na 1996 akawa Final Four. Pale hakuna kijana wa kwenda kwa sababu ya jina la chuo. Na ule mfumo wake wa Memphis wa kupenya kwa dribo kila mtu aliyeuiga aliuona ni wake, kumbe aliuchukua kwa Vance Walberg, kocha wa chuo cha miaka miwili huko Fresno ambaye hakuna aliyemjua. Kocha mwenye jina kumfuata asiye na jina akae chini ajifunze, hiyo kwangu ni alama kubwa.

Hukumu yangu: anajua kufundisha, alichokosa miaka ya mwisho Kentucky ni kubadilika. Vijana wa miaka 18 walikuwa wanakutana na wanaume wa miaka 23 wenye uzoefu na yeye akaendelea na fomula ile ile. Arkansas mwaka wa kwanza, 2025, akiwa amepangwa namba 10 akamtoa St. John's ya Rick Pitino iliyopangwa namba 2. Sasa hapo wakaanza kusema kumbe bado yumo.

Aliyerithi timu nzuri akashinda, tumhesabie?

Mhesabie, ila kwa penseli. Bruce Weber alipewa Illinois 2003 Bill Self alipoenda Kansas, na ilikuwa kama kukabidhiwa shamba mahindi yameshakomaa. 2005 akashinda 37, akafika fainali, akafungwa na North Carolina 75-70, tuzo za kocha bora zikamiminika. Vijana wa Self walipoisha timu ikashuka, 2012 akafukuzwa. Hadithi ingeishia hapo ningesema kimeo. Lakini akaenda Kansas State, na 2018 akiwa na vijana aliowasajili mwenyewe akafika robo fainali ya taifa, 2019 wakagawana ubingwa wa ligi yao ya Big 12. Kwa hiyo sio fundi wa 2005, na sio kituko cha 2012 pia.

Kevin Ollie ni mgumu zaidi. UConn, 2014, timu aliyoijenga Jim Calhoun, imepangwa namba 7, Shabazz Napier yuko moto, kombe wakabeba kwa kumfunga Kentucky 60-54. Miaka minne baadaye amefukuzwa baada ya misimu miwili mfululizo ya vipigo kuzidi ushindi. Mechi zile sita alizifundisha vizuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Kujenga timu kutoka chini ni kazi nyingine.

Na Steve Fisher? Si ndiye alipewa timu siku chache kabla?

Ndiye, na huyu nampa jibu lake peke yake kwa sababu sijaona kocha ambaye jina lake na kazi yake vilipishana hivi kwa muda mrefu.

Machi 1989, kocha wa Michigan Bill Frieder akatangaza anahamia Arizona State kabla mashindano hayajaanza. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Bo Schembechler, mzee wa futiboli asiyetaka mchezo, akasema hatafundisha mtu asiye wa Michigan, timu akapewa Fisher aliyekuwa msaidizi. Akashinda mechi zote sita, fainali dakika za nyongeza 80-79 dhidi ya Seton Hall, Rumeal Robinson akifunga mipira miwili ya adhabu mwishoni. Jina lake la kwanza likawa mtu wa bahati.

Kisha akasajili wale vijana watano wa mwaka wa kwanza waliovaa bukta ndefu, fainali mbili 1992 na 1993 wakafungwa zote. Jina la pili, mpole anayeendeshwa na watoto. Ukaja msala wa Ed Martin, mfadhili aliyekuwa anawapa wachezaji hela, Fisher akafukuzwa 1997 na matokeo ya kipindi kile mengi yakafutwa. Jina la tatu wala sio la kuandika.

1999 akaenda San Diego State, sehemu ambayo hakuna aliyekuwa anaiangalia. Msimu wa kwanza ushindi 5, vipigo 23. Chuo kile kilikuwa hakijawahi kushinda hata mechi moja ya mashindano ya Machi katika historia yake. Akakaa. 2011, akiwa na Kawhi Leonard, wakashinda 34 wakafungwa 3, na ushindi wa kwanza wa Machi ukapatikana. Alipostaafu 2017 akamwachia msaidizi wake tangu Michigan, Brian Dutcher, ambaye 2023 aliifikisha timu ile ile fainali. Ukimuuliza shabiki wa kawaida leo Fisher ni nani atakwambia yule wa wale vijana watano. San Diego ndiyo kazi yake na ndiyo haina picha.

Wooden si alikuwa na Alcindor na Walton? Nani angeshindwa?

John Wooden alifika UCLA 1948 na kombe la kwanza ni 1964, miaka 16 hiyo, leo angeshafukuzwa mara tatu. Na kombe lenyewe la 1964 alilibeba na timu ambayo hakuna aliyeanza mwenye zaidi ya futi 6 na inchi 5, wakikaba uwanja mzima, wazo alilosukumwa na msaidizi wake Jerry Norman. Alcindor, ambaye ndiye Kareem Abdul-Jabbar, alikuja baadaye, Walton baadaye zaidi, na kombe la mwisho 1975 hakuna kati yao aliyekuwepo. Vikombe 10 katika miaka 12 kwa mitindo mitatu tofauti. Kama huko ni kubebwa, basi alijua kubadilisha mgongo. Kuhusu lile jina lake la utakatifu, tazama swali la ushindi uliofutwa.

## Suti, kelele na taulo

Wapiga kelele kama Hurley, kelele zinasaidia?

Dan Hurley wa UConn anagombana na waamuzi, anagombana na mashabiki, usoni mwekundu muda wote, kwa hiyo watu wanaamini timu yake inaendeshwa na hasira. Zima sauti uangalie mashambulizi yao ya 2023 na 2024: skrini juu ya skrini (mchezaji anasimama kumziba mkabaji ili mwenzake apite), mtu anakata huku mwingine anatoka kona, kila kitu kimepangwa. Mechi 12 za Machi za miaka hiyo miwili, vikombe viwili, zote walishinda kwa pointi 13 au zaidi. Hasira haifanyi hivyo. Msimu wake wa kwanza pale, 2018-19, alikuwa 16-17, yaani ushindi 16 na vipigo 17, na baba yake ni Bob Hurley, mzee aliyefundisha sekondari ya St. Anthony kule Jersey City miaka na miaka, kwa hiyo mpira kauona tangu jikoni kwao.

Na kelele zina bei. Novemba 2024 huko Maui, dakika za nyongeza na Memphis, matokeo sare, akapigwa faulo ya utovu wa nidhamu, wakafungwa 99-97, na mashindano yale wakapoteza mechi zote tatu.

Knight je? Kile kiti kilimharibia au kilimsaidia?

Vyote. Wapo waliomwona shujaa wa nidhamu kwa sababu ya vurugu zake na wapo waliomwona mshenzi tu, na makundi yote mawili yalisahau kumwangalia kama kocha. Uwezo wake ulikuwa wa juu kabisa: Indiana ya 1976 ilishinda 32 bila kufungwa na tangu hapo hakuna bingwa wa wanaume aliyerudia. Vikombe vitatu, ushindi 902.

Ila baada ya 1994 hakuvuka tena raundi ya pili ya Machi akiwa Indiana, na hilo halikusemwa sana kwa sababu kila mtu alikuwa anaongelea tabia. 2000 ikaonyeshwa video ya mazoezi mkono wake ukiwa shingoni kwa mchezaji, mwaka huo huo akafukuzwa. Jina la ukali lilimficha pande zote mbili, lilificha ubora wake wa mwanzo na likaficha kushuka kwake.

Mbona makocha weusi wanasifiwa "kuhamasisha" tu?

Hili halisemwi vya kutosha. Nolan Richardson wa Arkansas alilalamika hadharani miaka ile ya 1990 kwamba kocha mweupe akishinda anaitwa mwenye akili, yeye akishinda wanasema ana wachezaji wenye nguvu na anajua kuwapandisha mori. Timu yake ilikuwa inakaba uwanja mzima dakika 40, wenyewe wakiita dakika 40 za jehanamu, na kwenye luninga ilionekana vurugu. Lakini kukaba vile bila mpango unafungwa mipira ya bure mpaka unalia, kila mtu lazima ajue anazunguka wapi mwenzake akipitwa. Alibeba ubingwa wa vyuo vya miaka miwili 1980, NIT, mashindano ya pili kwa ukubwa, 1981 akiwa Tulsa, na wa taifa 1994 kwa kumfunga Duke 76-72. Kocha mwingine mwenye vyote vitatu hayupo. Na bado mjadala wa mafundi wa mbinu ukianza jina lake linaletwa mwishoni.

John Thompson alipata toleo lake. Alikuwa jitu refu, anawafungia waandishi milango, magazeti yakamchora kama mtu wa kutisha. Ofisini kwake alikuwa na mpira uliotolewa upepo, kuwakumbusha vijana kwamba siku moja mpira unaisha. 1984 akawa kocha wa kwanza mweusi kubeba kombe hilo, na karibu wachezaji wake wote waliokaa miaka minne walihitimu. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa kwenda Georgetown akitaka kuwa daktari, Thompson ndiye aliyemwingiza kwenye timu ya basketi ya chuo.

Mulkey si mbwembwe tu?

Hapana. Nguo ni nguo. Alipokea Baylor 2000 ikiwa imetoka kwenye msimu wa 7-20, akaipa vikombe vitatu, cha 2012 kwa mechi 40 bila kufungwa. Akapokea LSU 2021 ikiwa imetoka 9-13, msimu wa pili kombe. Sehemu mbili zilizokuwa zimelala, rudi kwenye kigezo cha tatu pale juu. Unaweza usimpende, wengi hatumpendi, kazi anaiweza.

Na suti za Jay Wright vile vile. 2012 alimaliza 13-19 akiwa amependeza sana, akabadilisha aina ya vijana anaowachukua, akabeba 2016 na 2018. Tangu korona makocha wengi wamehamia fulana za kola, kwa hiyo kigezo cha suti kimejifia chenyewe.

Kocha wa mpira wa kuchosha ni kocha mbovu?

Unamuulizia Tony Bennett wa Virginia. Machi 2018 alikuwa namba 1 wa mashindano yote, akapigwa na UMBC waliopangwa namba 16, 74-54. Haikuwahi kutokea kwa wanaume. Nchi nzima ikacheka, mfumo wa baba yake wa kubana ndani ukaitwa wa kizamani.

Angalia alichofanya. Ukaba aliuacha kama ulivyo kwa sababu haukuwa tatizo, akagusa mashambulizi, akaongeza skrini za mwenye mpira ili vijana wake wawe na njia nyingine pale wanapobanwa. 2019 wakapita kwenye tundu la sindano mara tatu: Mamadi Diakite, kijana wa Conakry, akasawazisha na Purdue mpira wa mwisho, Kyle Guy akafunga mipira mitatu ya adhabu na Auburn ikiwa imebaki sekunde 0.6, na fainali na Texas Tech ikaenda nyongeza 85-77. Bingwa. Kocha yule yule wa mwaka jana. Mimi sio shabiki wa mpira ule, kuuangalia ni adhabu, ila nikiulizwa uwezo wa kocha unaonekana wapi nasema hapo.

## Wenye majina ya uchezaji na wasio na jina kabisa

Nyota wa zamani anakuwa kocha mzuri?

Mara nyingi anapewa kazi kwa sababu picha yake ipo ukutani. Clyde Drexler Houston, misimu miwili, 19-39. Patrick Ewing alirudi Georgetown 2017, alikuwa amefanya usaidizi NBA miaka mingi kwa hiyo hakuokotwa barabarani, 2021 akashangaza kwa kubeba mashindano ya Big East, msimu uliofuata kwenye ligi hiyo hiyo akapoteza mechi zote 19. Akafukuzwa 2023. Juwan Howard ni mchanganyiko, 2021 alikuwa kocha bora wa mwaka, 2024 Michigan wakamaliza 8-24.

Aliyekuja baada ya Howard ni Dusty May, ambaye pale Indiana hakucheza, alikuwa kijana wa kubeba mipira na kufuta jasho chini ya Knight. Alishaifikisha Florida Atlantic Final Four 2023, na msimu wake wa kwanza Michigan akashinda 27. John Beilein naye hakuwahi kuwa kocha msaidizi maisha yake yote, alianzia sekondari akapanda ngazi moja moja mpaka fainali mbili.

Halafu anakuja Dawn Staley, kocha wa timu za wanawake, anaharibu kanuni. Medali tatu za dhahabu za Olimpiki kama mchezaji, na kocha hasa. Ila angalia njia: alianza Temple mwaka 2000 akiwa bado anacheza, South Carolina akafika 2008 na msimu wa kwanza ukawa 10-18, kombe la kwanza 2017. 2024 akabeba la tatu kwa 38-0. Hakuishi kwa jina, alikaa akajenga.

## Kuhama na kubadilika kwa zama

Shaka Smart alikuwa haipu tu?

Jina ndiyo lile la mfalme wa Wazulu. 2011 aliichukua VCU kutoka mechi za mchujo, ambako wachambuzi walisema hawastahili hata kuitwa, mpaka Final Four. Akawa kijana anayetakiwa na kila mtu. Akaenda Texas 2015, miaka sita hakushinda hata mechi moja ya Machi, ya mwisho alifungwa na Abilene Christian 53-52. Haipu, wakasema. Akaenda Marquette, 2023 kura za kabla ya msimu zikamweka wa tisa Big East, akabeba ligi na mashindano ya ligi. Mtu ni yule yule. Texas alipata vijana warefu wa kwenda NBA ambao hawakufanana na mpira wake, Marquette akachukua wa aina yake. Kuna makocha ambao uwezo wao ni wa mahali, na hilo sio tusi.

Akifeli NBA inamaanisha chuoni alikuwa anadanganya?

Hapana. Pitino alifeli Boston Celtics, Beilein aliondoka Cleveland na 14-40. Kule unafundisha watu wazima wanaolipwa kuliko wewe, mechi 82, mazoezi machache. Kazi tofauti.

Sasa hivi na hela za wachezaji na uhamisho huria, uwezo unapimwaje?

Kwa shida. Tangu 2021 mchezaji anahama bila kukaa benchi mwaka mzima na anaweza kulipwa kwa jina lake, na kuanzia 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwagawia wachezaji mapato, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo. Kocha anajenga timu mpya kila Aprili. Kigezo changu cha nyota akiondoka kimepungua nguvu, maana wanaondoka wote. Bennett aliondoka Oktoba 2024 wiki chache kabla ya msimu, akisema mazingira haya hayaendani naye, na sioni kwamba hapo alipungukiwa ufundi. Ila kuna kipaji kipya cha kupima: nani anaweza kuwafundisha watu wasiojuana wakakaba pamoja ifikapo Desemba.

## Mambo yenye utata

Ushindi uliofutwa unapunguza uwezo wa kocha?

Unapunguza heshima, mpira uliochezwa ulichezwa. Kombe la Louisville la 2013 la Pitino lilifutwa, Boeheim alifutiwa ushindi 101, Calipari alifutiwa Final Four mbili, UMass na Memphis, ingawa yeye mwenyewe hakutiwa hatiani. Kinachonikera ni kwamba jina la usafi na la uchafu hayagawiwi sawa. Tarkanian aliitwa jambazi maisha yake yote, akapambana na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mahakamani mpaka 1998 wakamlipa dola milioni 2.5 kumaliza kesi. Wooden aliitwa mtakatifu, na UCLA palikuwa na tajiri anaitwa Sam Gilbert akiwasaidia wachezaji kinyume na kanuni, NCAA wakaja kukiadhibu chuo 1981 mzee ameshastaafu.

Hasheem Thabeet wetu, Calhoun alimtengeneza au alimkuta?

Watanzania hili mnaliuliza sana. Kijana wa Dar aliyeanza basketi akiwa mkubwa kidogo alifika UConn 2006 akiwa na urefu na sio mengi zaidi. Calhoun, mzee mkali mwenye jina la kufokea watu, alimpa kazi moja iliyo wazi: linda kikapu, wengine wabane nje wamsukumie mtu kwako. Akawa mkabaji bora wa Big East 2008 na 2009, Final Four 2009, akachaguliwa wa pili NBA. NBA hakuna aliyemjengea timu hivyo, na mnajua ilivyoisha. Sifa ya Calhoun hapo ni kumpa mtu kazi anayoiweza, wala haionekani kwenye video ya akifoka.

Kocha akiwa mgonjwa, mechi ni za nani?

Msimu wa 1994-95 Krzyzewski alisimama akiwa 9-3 kwa sababu ya mgongo. Msaidizi wake Pete Gaudet akashika timu, ikamaliza na 4-15 chini yake. Vipigo vile 15 viliandikwa kwa Gaudet, na rekodi ya Krzyzewski ya ushindi 1,202 haina hata kimoja. Kwa Michigan ya 1989 ilikuwa hivyo hivyo, ushindi 24 wa Frieder, sita wa Fisher, wachezaji wale wale.

Kikanuni ni sawa, chuo ndicho kinaamua. Ila ujue Gaudet kipindi kile alikuwa kwenye lile daraja la makocha wasaidizi ambao NCAA ilikuwa imewawekea kikomo cha dola 16,000 kwa mwaka. Makocha wa daraja hilo waliishtaki NCAA wakashinda, na 1999 ikakubali kulipa dola milioni 54.5.